Njia nne za kuikagua tokeni kabla ya kuinunua: ipi ikufae?

Umeona tokeni, yaani sarafu ya kidijitali, inapanda. Chati ni kijani tupu, kundi la Telegram limechangamka, na kuna mtu anakuhimiza kwamba ukichelewa dakika kumi imekula kwako. Unataka kuikagua kwanza, lakini kila unayemuuliza ana dawa yake. Mmoja anasema ipitishe kwenye programu ya ukaguzi. Mwingine anasema fungua Etherscan, daftari la wazi la miamala, uone nani kashika nini. Wa tatu anauliza kama kuna kampuni iliyoikagua na kama iko kwenye soko kubwa. Wa nne hana subira: nunua kidogo, ujaribu kuiuza, utaona mwenyewe.

Wote wanne wana hoja. Shida ni kwamba kila mmoja ana aina moja ya wizi kichwani, pengine ile iliyomuuma mwenyewe, na dawa yake imetengenezwa kwa ajili ya hiyo.

## Tupime kwa vigezo gani

Anza na wizi wenyewe. Kwa hesabu yangu kuna aina nne zinazojirudia.

Ya kwanza ni mtego wa panya: kuingia ruksa, kutoka marufuku. Unanunua vizuri, ila ukitaka kuuza msimbo (maagizo ya kompyuta yanayoiendesha tokeni) unakataa, au unakata kodi inayomeza karibu kila kitu. Ya pili ni kuzoa ukwasi, yaani pesa zinazowezesha watu kununua na kuuza. Kwenye masoko yasiyo na msimamizi, kama Uniswap na PancakeSwap, unanunua na kuuza kupitia bwawa: upande mmoja kuna tokeni mpya, upande wa pili kuna sarafu yenye thamani inayojulikana. Aliyelijaza bwawa akichota alichoweka, wewe unabaki na tokeni zako zote na huna pa kuzipeleka. Ya tatu ni kumwaga mzigo: hakuna ujanja wowote kwenye msimbo, ila waanzilishi na marafiki zao walishika sehemu kubwa tangu dakika ya kwanza, nao wanawauzia mnaoingia. Ya nne ni biashara ya uongo, ambapo tokeni inafanya kazi sawasawa lakini faida inayoahidiwa haina chanzo zaidi ya pesa za wanaokuja nyuma.

Kwa hiyo kila njia nitaiuliza maswali yale yale: inakamata wizi upi, haioni nini, inadai muda na ujuzi kiasi gani, na inamfaa nani.

## Programu za ukaguzi wa papo hapo

Hapa ndipo wanapokaa Token Sniffer, GoPlus na honeypot.is kwa tokeni za mitandao ya Ethereum, BNB Chain na jamaa zake, na RugCheck kwa upande wa Solana. Unabandika anwani ya mkataba, yaani ya msimbo unaoiendesha tokeni, unasubiri sekunde chache, unapata alama na orodha ya tahadhari.

Inakamata nini. Mtego wa panya hasa. Honeypot.is, kwa mfano, huigiza ununuzi na uuzaji bila kutumia pesa zako, kisha hukuonyesha kodi ya kila upande. Nyingine husoma msimbo na kutafuta mamlaka za hatari: je, mwenye mkataba anaweza kuchapa tokeni mpya? Kusimamisha uuzaji? Kuiweka pochi yako ya kidijitali kwenye orodha nyeusi? Kubadili kodi baadaye? Kuna mmiliki aliyefichwa ingawa imetangazwa kwamba umiliki umeachwa? Kwenye Solana maswali ni mengine kidogo: nani ana mamlaka ya kuchapa, na nani ana mamlaka ya kugandisha akaunti. Mfumo mpya wa tokeni wa mtandao huo unaruhusu hata mjumbe wa kudumu, yaani pochi inayoweza kuhamisha au kuchoma tokeni za mtu yeyote bila kumwomba ruhusa. Ukikuta hilo kwenye tokeni ya utani yenye picha ya mbwa, hakuna la kujadili.

Haioni nini. Watu, na kesho. Programu inakuambia mlango uko wazi sasa hivi. Nani ana ufunguo na ana mpango gani nao, hilo liko nje ya uwezo wake. Kumwaga mzigo kunampita, kwa sababu kuuza tokeni ulizonazo si kosa la msimbo. Biashara ya uongo haimhusu kabisa.

Halafu kuna kengele za bure, jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. USDT na USDC, sarafu zinazoshikwa na mamilioni ya watu, zina uwezo wa kuchapa na wa kufungia pochi. Programu ikizipima kama tokeni nyingine yoyote itapiga kelele. Mamlaka peke yake si wizi. Cha kuuliza ni kama kuna sababu ya kueleweka ya kuwa nayo, na kama aliye nayo anajulikana na anaweza kufikishwa mahakamani. Kampuni inayotoa dola za kidijitali ina sababu. Tokeni iliyozaliwa juzi usiku haina.

Muda na ujuzi. Dakika moja, na ujuzi wa kunakili na kubandika. Hakikisha tu unanakili anwani sahihi: mtu yeyote anaweza kuunda tokeni yenye jina na nembo ya nyingine, na jina halina ulinzi wowote kwenye blokicheni, daftari la pamoja la kidijitali ambamo tokeni hizi huandikwa. Anwani ndiyo kitambulisho. Ichukue kwenye tovuti ya bei ya CoinGecko au kwenye tovuti rasmi, usiichukue kwenye ujumbe wa mtu.

Inamfaa nani. Anayepitia tokeni nyingi kwa siku na anahitaji chekeche la kwanza. Ichukulie kama chekeche: inayonasa itupe, inayopita ndiyo kwanza uanze kuitazama.

## Kusoma daftari la miamala mwenyewe

Etherscan, BscScan, Solscan: haya ni madaftari ya wazi. Kila muamala umeandikwa humo na haufutiki. Ni njia ya polepole kuliko zote, na nakiri ndiyo ninayoipenda, kwa hiyo soma sehemu hii ukijua nina upendeleo.

Inakamata nini. Kuzoa ukwasi na kumwaga mzigo, mambo mawili ambayo programu huyagusa juu juu tu.

Fungua orodha ya wenye tokeni. Ondoa kwanza anwani ambazo si watu: bwawa lenyewe, mkataba unaofungia ukwasi, na anwani mfu zilikopelekwa tokeni ili zisitumike tena. Waliobaki juu ndio wanaoweza kuizamisha bei. Pochi kumi zikishika nusu ya tokeni zote, bei unayoiona ipo kwa hisani yao.

Usiishie hapo, maana wajanja walishajua kwamba unaangalia orodha hiyo. Hugawa mzigo kwenye pochi thelathini, kila moja ikiwa na sehemu ndogo isiyotisha. Bonyeza kadhaa kati ya hizo uangalie pesa zake za kwanza za gesi (ada ya miamala) zilitoka wapi. Ukikuta pochi kumi na tano zilipewa pesa na anwani moja, ndani ya saa moja, muda mfupi kabla ya tokeni kuzinduliwa, hao si watu kumi na tano. Bubblemaps huchora uhusiano huo kwa picha ukiwa huna subira ya kubonyeza. Fuata pia pochi iliyounda mkataba. Imewahi kuunda tokeni nyingine? Ziliishia wapi?

Mfano wa kumwaga mzigo ni HAWK, iliyozinduliwa kwenye Solana Desemba 2024 ikibebwa na jina la mtu maarufu wa mtandaoni. Thamani yake ya jumla ilipanda hadi karibu dola milioni 490, kisha ikaporomoka zaidi ya asilimia 90 ndani ya saa chache. Waliokuwa wakitazama mgawanyo wa pochi badala ya chati ndio waliokuwa na la kusema mapema.

Kuhusu ukwasi, maswali ni matatu: umefungwa? Asilimia ngapi? Mpaka lini? Tangazo la "ukwasi umefungwa" linaweza kumaanisha asilimia tano kwa wiki mbili. SafeMoon, iliyozinduliwa Machi 2021, iliwaambia wateja wake kwamba ukwasi uko salama na haufikiki. Novemba 2023 mamlaka za Marekani ziliwafungulia mashtaka viongozi wake zikisema sehemu kubwa haikuwa imefungwa kamwe, na mamilioni ya dola yalikuwa yamechotwa kwa matumizi binafsi.

Haioni nini. Nia, na mambo yanayofanyika nje ya blokicheni. Pia inaweza kukudanganya ukiitegemea kwa wingi wa biashara. Oktoba 2024 ilibainika kwamba FBI yenyewe ilikuwa imeunda tokeni, NexFundAI, ili kuwanasa watu wanaouza huduma ya kununua na kujiuzia wenyewe ili soko lionekane limechangamka. Huduma hiyo ipo na ina bei yake. Miamala elfu tatu kwa saa inaweza kuwa roboti moja na pochi zake.

Muda na ujuzi. Nusu saa ukiwa umezoea, jioni nzima ukiwa mgeni. Si lazima usome msimbo, ila angalia kama umethibitishwa na kuwekwa wazi. Mkataba ambao msimbo wake umefichwa ni sababu tosha ya kuondoka. Angalia pia kama ni mkataba unaobadilishika, yaani ule unaoelekeza kazi kwenye mkataba mwingine unaoweza kubadilishwa kesho. Hapo unachokisoma leo si lazima kiwe ndicho utakachofanya nacho biashara.

Inamfaa nani. Anayetaka kuweka kiasi ambacho akikipoteza kitamuuma, na anayekusudia kushikilia kwa wiki au miezi.

## Kutegemea jina: kampuni za ukaguzi, masoko makubwa, watu maarufu

Hii ndiyo njia ya wengi, na haistahili dharau. Hakuna anayesoma kila kitu mwenyewe.

Inakamata nini. Wizi wa ovyo ovyo. Soko kubwa halina hamu ya kuweka mtego wa panya mbele ya wateja wake, na ripoti ya kampuni ya ukaguzi wa misimbo huonyesha makosa ambayo mimi na wewe tusingeyaona. Hata tovuti za bei hutoa onyo: tokeni ya SQUID ilipokuwa ikipaa mwishoni mwa Oktoba 2021 kwa jina la tamthilia iliyokuwa ikitamba, CoinMarketCap iliweka tahadhari kwamba watumiaji wanalalamika hawawezi kuuza. Bei ilifika dola 2,861 tarehe 1 Novemba, kisha ndani ya dakika ikawa karibu na sifuri, na waliokuwa nyuma yake wakaondoka na zaidi ya dola milioni 3. Onyo lilikuwa pale pale chini ya bei. Watu walisoma bei.

Haioni nini. Ripoti ya ukaguzi inahusu msimbo ulioletwa siku ile, haihusu tabia ya walioleta. Aprili 2023 soko dogo la Merlin, kwenye mtandao wa zkSync, lilikombwa takriban dola milioni 1.8 mara tu baada ya kukaguliwa na kampuni ya CertiK. Ripoti ilikuwa imetaja kwamba madaraka yamerundikana mikononi mwa wachache. Ni wachache waliofika ukurasa huo, wengi waliishia kwenye nembo. Ukitumia njia hii, soma ripoti kwenye tovuti ya kampuni iliyokagua, maana kubandika nembo ni kazi ya dakika mbili, na utafute sehemu inayozungumzia madaraka ya wamiliki.

Soko kubwa nalo haliangalii kama wazo lenyewe lina miguu. LUNA ilikuwa kwenye karibu kila soko kubwa. Mei 2022, sarafu pacha yake ya UST ilipoteza usawa wake na dola, na vyote viwili vikaanguka ndani ya siku chache, takriban dola bilioni 40 zikayeyuka. Hapakuwa na mtego wala ukwasi ulioibwa usiku. Kulikuwa na riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka ambayo kila mtu aliiona na wachache waliuliza inatoka wapi.

Na kuna uongo usio na hata blokicheni. OneCoin, iliyoanza 2014, ilikusanya mabilioni ya dola kwa mikutano mikubwa na jina la Ruja Ignatova, aliyetoweka Oktoba 2017. Sarafu hiyo haikuwa na daftari la wazi ambalo mtu wa nje angeweza kulifungua. Swali moja la njia ya pili, "nionyeshe miamala", lingetosha.

Kuhusu watu maarufu sina mengi. Umaarufu hauthibitishi chochote kuhusu mkataba.

Muda na ujuzi. Dakika kumi, pamoja na moyo wa kusoma ripoti yenyewe badala ya muhtasari wake.

Inamfaa nani. Anayenunua sarafu chache zilizokaa sokoni miaka kadhaa, na ambaye hataki kushinda kwenye tokeni za siku moja.

## Kununua kidogo na kujaribu kuuza

Inakamata nini. Mtego wa panya ule wa wazi, na kodi halisi. Unaweka dola tano, unauza papo hapo, unahesabu kilichorudi. Hakuna ripoti iliyo wazi kuliko pesa iliyorudi mfukoni.

Haioni nini. Mengi kuliko watetezi wake wanavyokiri. Kwanza, msimbo unaweza kuruhusu kiasi kidogo na kukataa kikubwa, au kuruhusu saa ya kwanza na kufunga baadaye. Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu tokeni asubuhi, nikauza bila shida, nikarudi mchana na pesa za maana. Jioni kodi ya kuuza ilikuwa imepandishwa hadi isiyouzika. Jaribio langu lilikuwa la kweli. Lilikuwa tu la asubuhi.

Pili, jaribio dogo linaficha kina cha bwawa. Chukua bwawa la kawaida lenye dola 10,000 upande mmoja na tokeni za thamani hiyo hiyo upande wa pili. Wewe una tokeni ambazo kwa bei ya kwenye skrini zina thamani ya dola 10,000. Ukiziuza zote kwa mkupuo hupati 10,000. Hesabu ya bwawa itakupa kama 5,000, hata kabla ya ada, kwa sababu kila unachouza kinasukuma bei chini. Hakuna aliyekuibia. Dola tano zako za majaribio zisingekuonyesha hilo. Kwa hiyo tokeni inayojitangaza kuwa na thamani ya mamilioni huku bwawa lake likiwa na elfu chache ina thamani ya chati tu.

Muda na ujuzi. Dakika tano. Gharama inategemea mtandao: Solana na BNB Chain ni senti, ila Ethereum siku za msongamano ada ya gesi inaweza kuzidi pesa unayojaribia. Tumia pochi ya pembeni isiyo na kitu kingine, kwa sababu kila unapoidhinisha mkataba kugusa pochi yako unafungua mlango, na mlango huo haujifungi. Futa idhini ukimaliza.

Inamfaa nani. Aliyekwisha kupita njia nyingine na anataka uhakika wa mwisho kabla ya kuweka kiasi kamili. Kama hatua ya kwanza na ya pekee, ni kamari yenye adabu.

## Kulingana na hali yako

Kama una dakika mbili tu na unacheza na pesa ambayo umeshaiaga, programu ya ukaguzi na jaribio dogo vinatosha. Utaumia mara kwa mara, na umeshakubali hivyo.

Kama unataka kushikilia kwa miezi, nguvu ipeleke kwenye daftari la miamala: wenye mali, tarehe ya kufunguliwa kwa ukwasi, pochi ya mwanzilishi. Iandike tarehe hiyo mahali utakapoiona. Jaribio la kuuza lirudie kila baada ya muda, hasa ikiwa mkataba unabadilishika au bado una mmiliki.

Kama tokeni iko kwenye masoko makubwa na imeshakaguliwa, mtego wa panya si wasiwasi wako tena. Hamishia maswali kwenye biashara: pesa inatoka wapi, na nini kitatokea wengi wakitaka kutoka siku moja. Hapo Etherscan haikusaidii sana. Karatasi na kalamu vinasaidia.

Kama huelewi hata moja ya hizi na hutaki kujifunza, jambo lisilo na aibu yoyote, baki na sarafu chache kongwe na uache tokeni mpya zipite.

Kama tokeni imejitokeza yenyewe kwenye pochi yako na hukuinunua, usiijaribu kwa njia yoyote kati ya hizi. Mara nyingi lengo ni kukupeleka kwenye tovuti ya kuidai au kuiuza, na idhini utakayotoa huko ndiyo wizi wenyewe. Iache ilale.

Na kama tokeni umeletewa na mtu mliyejuana mtandaoni, pamoja na kiungo cha jukwaa lake la biashara, basi zana zote nne zinaangalia mahali pasipo. Jukwaa ndilo la uongo, namba za kwenye skrini huandikwa na mwenye jukwaa, na hata jaribio la kutoa pesa kidogo litafaulu, maana wanaoendesha michezo hiyo huwalipa watu mara ya kwanza ili walete nyingi mara ya pili.